Karani wa Mashujaa

Kila Ijumaa, baada ya swala, Karani alipanda juu ya kreti la soda katika hoteli ya chai ya Mama Hodan pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akatuambia ni shujaa gani aliyestahili kuishi.

"Kimondo," alisema siku moja, akiishika katuni kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza. "Wiki hii Kimondo ameangusha jengo la ghorofa kumi ili amkamate mwizi mmoja. Mmoja! Nimehesabu madirisha. Nyuma ya kila dirisha kuna mtu. Mwandishi hakutuonyesha hata mmoja akitoka. Alale."

"Alale!" umati ukaitikia, na vikombe vikagongwa mezani.

Hukumu zake zilikuwa tatu. Katuni mbaya iliambiwa "Alale". Ya kawaida, "Anakaa". Iliyo bora kabisa ingeambiwa "Anasimama", lakini hiyo watu walikuwa wameisikia kwa nadra sana hata wengine walidhani ni utani wake tu. Katika muda wote niliomsikiliza mimi, niliisikia mara moja. Ilitolewa kwa kitabu nilichokiandika mimi na kuchorwa na rafiki yangu, na ilitolewa wakati rafiki yangu hakuwa tena na macho ya kukitazama. Ndiyo sababu siwezi kumwandika Karani kwa utamu, ingawa nimejaribu mara tatu, na kila mara nimechana karatasi.

Alikozaliwa sijui, na ukoo wake sikuuliza. Nilimkuta akiwa tayari Karani, kama mtu anavyoukuta mlima. Alikuwa mrefu na mkavu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni katika joto lile ambalo lilifanya hata mbuzi wa Kakuma wajisukume chini ya malori. Kazi yake ilikuwa kusimamia ghala la vitabu vya shule za kambi. Masanduku ya msaada yalitoka ng'ambo yakapitia Kitale, na humo, katikati ya kamusi zisizo na majalada na vitabu vya hesabu vya watoto wa nchi zenye theluji, mlikuwa na katuni za mashujaa. Walimu hawakuzitaka. Agizo la ofisi lilikuwa zichomwe pamoja na vitabu vilivyoliwa na mchwa. Karani hakuzichoma. Hilo ndilo agizo pekee la kazi ninalojua kwamba aliwahi kulivunja, na alilivunja kwa miaka.

Kila katuni aliivalisha jalada la gunia jeupe la unga, akalishona kwa uzi, akaandika kwa mkono wake wa kikarani tarehe ambayo sanduku lilifunguliwa. Kabla ya kuishika alinawa, akajipangusa kwa leso, akasubiri vidole vikauke. Mtu mwingine akiigusa bila kunawa, aliirudisha kabatini na Ijumaa hiyo ikaishia hapo. Nimewaona vijana wa Kisudani, wanaume wazima waliovuka mipaka miwili kwa miguu, wakipanga mstari mbele ya birika la Mama Hodan kunawa mikono kwa ajili ya karatasi.

Na alijua kuzisoma, sikatai. Alisoma Kiingereza kwa macho na Kiswahili kikatoka kinywani bila kukwama, na kila mhusika na sauti yake. Lakini kusoma haikuwa starehe yake. Starehe yake ilikuwa hukumu.

"Tazama miguu," aliniambia nilipokwenda mara ya kwanza, kabla hata hajaniuliza jina. Alikuwa ameniona nina daftari. "Kila shujaa huyu Ngumi Saba akisimama, chini pana moshi. Hapa moshi. Hapa majani. Hapa kuna ukuta umebomoka, umefunika vifundo. Kwa nini?"

"Ni vita, mzee."

"Si vita. Huyu mchoraji hawezi kuchora miguu. Mwalimu, mtu akikuficha kitu mara tatu, jua hana."

Nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka Lodwar kufundisha darasa la nne bila cheti, na nilitaka kuandika vitabu kuliko nilivyotaka kula. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia jambo kama hilo. Shuleni tulifundishwa kwamba kitabu kimeshushwa, hakina mtengenezaji. Karani ndiye aliyenifunulia kwamba nyuma ya kila ukurasa kuna mtu aliyechoka, aliyedanganya kidogo, aliyekimbilia kumaliza. Deni hilo ninalikubali.

Kitambaa kile mashujaa wanachofunga shingoni kikapepea mgongoni alikichukia kuliko kitu chochote. "Huyu aje Lodwar mwezi wa pili," alisema juu ya shujaa yeyote aliyekivaa. "Upepo utamnyonga kabla adui hajatoka nyumbani." Shujaa aitwaye Dada Kioo, Karani alimpenda, kwa sababu hakuwa na kitambaa na kwa sababu alikuwa anakosea. Wachunga mbuzi wa Kiturkana walioleta makaa walisimama pembeni wameegemea fimbo, na mmoja wao siku moja aliinua mkono.

"Ejok, Karani. Mimi iko na swali."

"Ejok-noi. Uliza."

"Huyu anaruka juu siku yote. Mbuzi yake nani anachunga?"

Watu wakaangua kicheko. Karani hakucheka. Alifikiri, akapekua nyuma kurasa tatu, akatazama tena. "Mwandishi hakusema," akajibu. "Ni udhaifu wa hadithi. Asante." Akaichukua penseli akaandika swali lile pembeni mwa ukurasa, na yule mchungaji akasimama wima kama aliyepewa cheo.

Mama Hodan yeye alikuwa upande wa maadui, kila wiki, bila kubagua.

"Waryaa Karani, huyo adui ana kiwanda. Ana watu mia wanavaa nguo moja, wanakula kwake. Shujaa wako anafanya kazi gani? Anavunja tu."

"Mama Hodan, adui anataka kulizima jua!"

"Jua hili?" Akakielekeza kijiko nje, kwenye mchanga uliokuwa ukiwaka. "Wallahi alizime. Nitamchemshia chai mwenyewe."

Siku kama hizo ungempenda Karani. Mimi nilimpenda.

Lazima nieleze sasa juu ya utaratibu wake, kwa maana kila kilichotokea kilitokana na huo. Katuni zilifika zimechanganyika. Sanduku moja lingeleta sehemu ya arobaini na moja ya hadithi, na miezi miwili baadaye sanduku jingine lingeleta ya thelathini na saba. Mtu mwingine angezipanga kwa namba zilizochapwa juu yake. Karani alizisoma kwa jinsi zilivyofika. Kwa hiyo tuliomboleza kifo cha Kimondo Ijumaa moja, kijana mmoja akatoka nje kuficha uso wake. Na wiki tatu baadaye Kimondo huyo huyo akatokea mzima, anakula mkate na mama yake. Karani akapandwa na hasira. Akawatukana waandishi nusu saa nzima, kwamba hawana haya, kwamba wanawafufua watu kwa tamaa, kwamba kifo kwao ni mchezo.

Umati ulipotawanyika nilimwonyesha namba. "Mzee, hii ni ya thelathini na saba. Hapa alikuwa bado hajafa."

"Nimeiona."

"Sasa mbona umewatukana?"

"Namba ni yao, mwalimu. Kufika ni kwetu. Mimi nikianza kusema hii ingoje, hii itangulie, nani ataniamini tena?"

Nilidhani ni ukaidi wa mzee. Baadaye nilielewa kwamba ndio uti wa mgongo wake. Ghala lile lilihudumia shule nyingi, na kila mwalimu mkuu alikuwa na sababu ya kupewa kabla ya mwenzake. Siku moja mkubwa mmoja wa ofisi alifika na gari, akitaka madaftari ya shule aliyoianzisha mkewe. Karani akafungua kitabu chake, akateremsha kidole. "Wewe ni wa kumi na nne, bwana." Mkubwa akamwambia anaweza kumfukuza kazi kabla jua halijatua. Karani akaenda akamletea benchi akae. Mkubwa alikaa, hebu fikiria, alikaa robo saa katika jua lile kati ya mwalimu wa Kiburundi na mtawa mmoja, kisha akaondoka kwa vumbi. Karani hakufukuzwa. Hadithi hiyo ilisimuliwa kambini kwa lugha sita. Watu waliokuwa wamepitwa maisha yao yote walikuwa wamempata mmoja asiyekubali mtu apitwe.

Mimi pia niliisimulia. Naomba hilo likumbukwe.

Papa Mwamba alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Alitoka Zaire vita vilipoanza, akiwa na binti yake mmoja na begi la brashi. Kwao alikuwa akichora vitabu vya katuni vilivyouzwa sokoni, na aliizungumzia kazi ile kama wengine wanavyozungumzia mashamba waliyoyaacha. Tulijuana kwenye benchi la Mama Hodan. Alikuja Ijumaa kusikiliza, na kila Karani alipomkamata mchoraji mvivu, Papa Mwamba alijipiga paja. "Ni kweli! Muzee huyu iko na jicho!"

Ni yeye aliyenigeukia siku moja akasema, "Mama mwalimu, we unaandika, miye nachora. Tunangoja nini?"

Tulifanya kazi kwa miezi minne, mchana nikitoka darasani, nyuma ya duka la magodoro ambako ukuta ulitoa upenyo wa mwanga. Shujaa wetu alikuwa Nakiru, msichana wa Kiturkana kutoka Kaikor. Uwezo wake ulikuwa mmoja tu: aliweza kukibandua kivuli cha mti kutoka ardhini kama ngozi, akakikunja, akakibeba begani, na kukitandika juu ya watu waliokuwa wakitembea juani. Kivuli kilikuwa na kipimo. Akikivuta sana, kilitoboka. Sehemu ya kwanza iliishia Nakiru amesimama kwenye laga, mto uliokauka. Upande wa kaskazini ndugu zake wanarudi na mifugo iliyobaki, upande wa magharibi wageni wanakuja kwa miguu kutoka vitani, na kivuli alicho nacho kinatosha kundi moja.

Papa Mwamba alichora miguu yote. Pekupeku, yenye malapa ya matairi, iliyopasuka visigino. Hakuna moshi popote.

Lakini nakala ilikuwa moja. Kuirudufisha kulihitaji mashine ya ghala, ile ya kuzungusha kwa mkono iliyochapa karatasi za mitihani, na mashine ile ilikula stensili. Kwa asiyeijua, stensili ni karatasi laini yenye nta. Mchoraji anaikwaruza kwa kalamu ya chuma, na wino unapita pale alipokwaruza. Mchoro haunakiliwi wenyewe. Lazima mkono uleule uliouchora uurudie mstari kwa mstari, polepole, kwa jicho kali. Stensili zilikuwa kwenye kabati la Karani na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Lodwar nilitafuta duka kwa duka, sikupata hata moja. Kitale zilikuwepo, lakini mvua za mwaka ule zilikuwa zimekata barabara na malori yalilala wiki nzima kwenye ukingo wa mito.

Na jicho kali lilikuwa likiondoka. Daktari wa kambi alikuwa amemwambia Papa Mwamba kwamba ana presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitahesabiwa kwa miezi. Aliniambia hivyo akisafisha brashi, bila kunitazama. "Nataka kukata stensili yangu mwenyewe. Kisha giza ije. Haina neno."

Tulikipeleka kitabu kwa Karani pamoja, siku ya Jumatatu. Tulinawa mikono.

Alikipokea vizuri. Alilitazama jalada, akakigeuza, akakivalisha gunia mbele yetu, akaandika tarehe. Kisha akakiweka chini kabisa ya rundo. Juu yake palikuwa na katuni thelathini na moja.

"Tunasoma tatu kila Ijumaa," akasema. "Zamu yenu itafika. Kikisimama, nitawapa stensili. Siwezi kutoa mali ya shule kwa kitabu ambacho hakijasikilizwa na watu."

Nikamweleza habari ya macho. Nilieleza yote, na Papa Mwamba akiwa amesimama pale pale, mikono imekunjwa tumboni kama mtoto aliyeletwa kwa mwalimu mkuu.

"Pole sana, Papa," Karani akamwambia, na alikuwa na huzuni ya kweli, niliiona. "Lakini hapa kila mtu ana sababu. Hujui sababu nilizozisikia kwenye mlango huu."

"Naelewa, muzee," Papa Mwamba akasema. "Utaratibu ni utaratibu."

Wiki kumi na moja. Tulihesabu, tukajipa moyo. Kisha, kwa kuwa barabara ilikatika na masanduku hayakuja, Karani akatangaza kwamba ili katuni zisiishe, angesoma moja tu kwa wiki badala ya tatu. Watu walimshangilia kwa busara yake.

Siku ile Mama Hodan alinivuta kando, mkono wake una harufu ya iliki. "Iba," akaninong'oneza. "Kabati lile bawaba zake zimelegea. Iba, wallahi, Mungu ataelewa."

Sikuiba. Nilikuwa bado namwamini Karani kuliko nilivyojiamini. Nilikwenda kwake mara nne zaidi, na mara ya nne nilipiga magoti. Alitoka nyuma ya meza, akaniinua, akaniletea maji ya kunywa, akaketi kando yangu mpaka nilipotulia. Hakunipa stensili.

Kwa hiyo tulikaa kwenye benchi Ijumaa baada ya Ijumaa na kusikiliza. Ngumi Saba, Alale. Dada Kioo, Anakaa. Kimondo tena, Alale, Alale. Karani alizidi kuwa mkali na mwenye maneno mazuri, kwa kuwa sasa alikuwa na katuni moja tu ya kuimaliza, na watu walizidi kumpenda. Papa Mwamba alianza kwa kukaa benchi la nyuma. Kisha la kati. Kisha la mbele kabisa. Akaacha kujipiga paja. Bango la mwisho alilolichora lilikuwa la kinyozi, na kichwa cha yule mteja kilikuwa na masikio mawili upande mmoja. Mwenye duka alilitundika hivyo hivyo, na watoto walipolicheka alitoka akawafukuza kwa mkanda.

"Unaona nini sasa?" nilimwuliza.

"Naona watu kama nguo zimeanikwa," akasema. "Najua kuna mutu ndani, lakini sijui nani."

Zamu yetu ilifika kiangazi kikali. Karani alinawa, akakausha vidole, akapanda juu ya kreti, akakifungua kitabu cha Nakiru. Na alikisoma, nitasema kweli hata kama inaniuma, alikisoma jinsi ambavyo hakuna mtu atakayesoma tena kitu nilichokiandika mimi. Alikuwa Nakiru. Alikuwa mbuzi. Alikuwa kivuli kikibanduka ardhini, na alitoa sauti ya mbanduko ule kwa ulimi wake, nao wachunga mbuzi wakashika fimbo zao kwa mikono miwili. Alipofika mwisho, pale kwenye laga, birika lilikuwa likichemka na hakuna aliyeliepua.

Karani akashuka kutoka kwenye kreti. Akasimama chini, mbele yetu, mikono ubavuni.

"Miguu," akasema. "Mmeiona miguu? Anasimama."

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Walimbeba Papa Mwamba juu juu. Alikuwa akicheka, macho yake yakitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Walipomshusha, Karani akaja na stensili kumi na mbili katika bahasha, na kalamu ya chuma, akamwekea mikononi mbele ya watu wote.

Papa Mwamba aliitoa moja. Aliipapasa kwa kidole gumba, kutoka kona hadi kona, taratibu.

"Ni laini," akasema. "Asante, muzee. Na sasa nani atachora?"

Wengi hawakusikia, kwa makelele. Karani alisikia. Aliangalia kreti lake, kisha akasema kwamba ghala linafungwa saa kumi.

Nilijaribu mimi. Niliweka stensili juu ya michoro yake, nikafuata mistari yake kwa kalamu ya chuma, naye amekaa kando yangu akiniuliza nimefika wapi. Nilipasua tatu. Kwenye zilizobaki, Nakiru alitoka kama fito, na miguu yote ikawa makwato. Nilichapa karatasi moja, nikaitazama, nikamwambia imetoka vizuri. Aliunusa wino. Hakuniuliza tena.

Mwaka uliofuata jina la binti yake lilitokea kwenye orodha ya wakimbizi wanaopelekwa ng'ambo, na Papa Mwamba akaondoka naye. Kitabu alikwenda nacho yeye, nakala ile ile moja. Nilikuwa nimemwomba akichukue. Barua sijapata.

Kuna jambo moja juu ya Karani nililoambiwa na mkewe, ambaye alisuka vikapu vya ukindu nje ya nyumba yao Lodwar. Nilimkuta peke yake siku niliyokwenda, mwishoni mwa miaka ile ya tisini, nikisubiri mumewe aamke. "Nasikia huko Kakuma alikuwa anaruka juu ya meza," akaniambia. "Watu wananisimulia. Hapa nyumbani hakuwahi kunisomea hata moja. Nilimwambia, nisomee basi. Akasema nije Ijumaa kama wengine." Alikaza ukindu kwa meno. "Kwenda Kakuma, na watoto sita?"

Karani alikuwa amestaafu, na shati lilikuwa limefungwa mpaka juu vilevile. Alinikaribisha, akanipa kigoda, yeye akakaa juu ya ekicholong yake, kile kiti kidogo cha mti cha Kiturkana, kama wazee wa hapa. Aliuliza kama bado nafundisha. Nikamwambia naandika kitabu. Alifurahi waziwazi, akataka kujua kama kuna michoro, nikasema hakuna. Akasikitika.

Kisha, bila mimi kumwuliza, akasema, "Kile chenu nilikisoma siku ile ile mlipokileta."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Uliki—?"

"Jumatatu ile, mlipotoka tu. Nilifunga mlango wa ghala. Nilikisoma mara mbili. Sijawahi kusoma kitu kama kile."

"Ulijua kitasimama."

"Nilijua ukurasa wa pili."

Mkewe aliacha kusuka, akatutazama. Nilitaka kupiga kelele, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo. "Macho yake hayakuweza kungoja foleni, mzee."

"Ningekuvusha wewe," akasema pole pole, na kwa jinsi alivyoyatamka maneno hayo nilijua ameshayatamka mara nyingi akiwa peke yake, "kesho ningemvusha nani? Yule mwenye gari? Na wale wa mwisho, wasio na mtu wa kuwapigia magoti, ningewaambia nini?"

Swali hilo linaniwasha mpaka leo. Kama angekuwa mwovu ningemsahau. Alikuwa mwadilifu, na uadilifu wake ulikaa juu ya kifua cha rafiki yangu kwa wiki thelathini na moja, ukimwangalia anapofuka, huku ukimhurumia.

Upepo ulipeperusha ukindu uwanjani na mkewe akainuka kuufuata. Karani akasogea mbele, viwiko juu ya magoti, na uso wake ukabadilika. Ukawa uso wa mtu mwenye njaa.

"Mwalimu. Ile sehemu ya pili."

"Ndiyo, mzee."

"Pale kwenye laga. Ndugu zake huku, wageni huku, na kivuli kimoja. Nimelifikiria sana jambo lile. Nimejaribu kulimaliza mwenyewe, kila mwisho ninaoupata ni wa uongo. Alikwenda upande gani?"

Papa Mwamba alikuwa amenisimulia yote siku ya mwisho, binti yake akifunga begi. Nakiru haendi upande wowote. Anakitandika kivuli pale pale aliposimama, katikati ya laga, anakaa chini, na makundi yote mawili yanalazimika kuja, wakifika kila mmoja kwa wakati wake, wakijibana, mgeni na mwenyeji na mbuzi, goti kwa goti. Alinieleza hata vidole vya miguu vitakavyoonekana mbele. Nilikuwa nimeyaandika yote daftarini, na daftari lilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa mapajani mwangu.

"Sijui, mzee," nikasema. "Hakuniambia."

Karani akaitikia kwa kichwa, bila kushangaa, kama mtu aliyezoea masanduku yanayofika nusu.

"Basi," akasema. "Imepotea njiani."

Nikaaga, nikatoka, nikaufuata mchanga mpaka barabarani, nikiwa nimeukumbatia mkoba kwa mikono miwili.